Nani Yuko Mwezini?

Otai hakuwa mwalimu, ila watoto wa Busia walimwita hivyo na yeye hakuwakatalia. Kazi yake hasa ilikuwa kufagia na kupanga vitabu kwenye maktaba moja ndogo pale Tororo. Jumamosi alipanda basi la asubuhi na sanduku la vitabu, akashuka Busia upande wa Uganda, akalibeba begani mpaka kwenye stoo ya pamba. Msimu ulikuwa haujafika, stoo ilikuwa tupu, imebaki na magunia na harufu ya mbegu. Watoto walimngoja wamekaa juu ya magunia hayo. Wengine walikuwa wa huku huku, wengine walivuka kutoka Kenya. Siku zile mtoto akivuka hakuna aliyemsumbua. Askari wa kwenye kizuizi cha mpakani aliwajua kwa majina ya mama zao.

Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, mazungumzo yalikuwa ya Kiswahili. Hapakuwa na namna nyingine. Ndani ya stoo ile mlikuwa na Wasamia, Waluo, Jopadhola na Wateso, na mtoto akitumia lugha ya mama yake, nusu ya wenzake walibaki wakimtazama mdomo tu. Kiswahili cha Otai mwenyewe kilikuwa cha kuokota njiani. Alisoma mpaka darasa la nne akaacha, akarudi, akaacha tena. Akawa turnboi, utingo wa malori, akabeba saruji, akakaa kambini na wanajeshi akiwapikia. Palipokuwa na wanaume na kazi nzito, hapo ndipo alipopatia maneno yake. Nyumbani Tororo yeye na mkewe Mable waliongea Kiteso. Kwa hiyo Kiswahili chake kilimtosha kwa kununua, kwa kugombana, hata kwa kusali kidogo, lakini kilikuwa Kiswahili cha wanaume watupu. Wala hakujua kwamba kuna kingine.

Huo ulikuwa mwaka wa sitini na tisa. Redio zilikuwa zimesema watu wameshuka kwenye mwezi, na watoto hawakutaka tena vitabu vya sungura wala vya wafalme. Walitaka vya angani tu. Otai akapekua kila rafu kule maktabani akapata viwili. Kimoja kilikuwa cha picha za sayari. Kingine kilikuwa hadithi ya dada na kaka yake waliojificha ndani ya roketi ya baba yao mdogo. Hicho cha hadithi kilipita mkono kwa mkono, sura kwa sura, mpaka kona zake zikalainika kama kitambaa.

Na mazungumzo yake, bwana, yalikuwa matamu.

"Mwalimu, huko wanalimaga?" aliuliza Akiteng, msichana mdogo wa Kiteso aliyekaa mbele kabisa.

"Utalima na nini na maji hakuna?" akadakia Elphas, mvulana wa upande wa Kenya ambaye mdomo wake haukuwa na likizo.

"Sasa wanakula nini?"

"Iko kwa kitabu," akasema Otai. "Chakula yao nakaa ndani ya tyubu, kama dawa ya meno. Unafinya, unameza."

Watoto wakafinya vidole kana kwamba wameshika tyubu.

"Mimi siendi," Akiteng akasema.

"Nani amekuita?" Elphas akajibu. "Mwezi wenyewe ni wa Kenya. Kila siku unatokea kwetu. Nyinyi mnaupata ukiwa umeshachoka."

"Lakini unakuja kulala kwetu. Mahali mtu analala ndiyo kwake."

Wakacheka, wakapiga magunia kwa viganja mpaka vumbi likapanda. Ndipo Felistus akainua mkono. Kila alipoinua mkono Otai alikuwa anajiweka sawa, maana msichana yule hakuuliza juu juu.

"Mwalimu, pale dada alipofunga mlango wa roketi na kaka yake yuko nje, kabla hajarudi kumfungulia, kitabu kinasema alisahau. Mimi naona hakusahau. Alitaka aende peke yake."

Otai alikuwa amekisoma kitabu kile mara nyingi kwa kidole chake chini ya kila mstari, na hilo hakuwa ameliona. Akafungua ukurasa, akasoma tena. "Lakini wewe," akasema, "wewe nasoma mpaka chini ya maneno."

Felistus alizaliwa Mombasa. Baba yake alikuwa na kazi bandarini, na alipopata mke mwingine, mama yake, Nanjala, alifunga mizigo akarudi kwao Busia, upande wa Kenya, na mtoto. Kule Mombasa Felistus alifika darasa la tano. Huku hakuingia darasa lolote. Alikaa sokoni na mama yake kuuza leso, akapika, akachota maji. Shule yake yote ilikuwa ni ile Jumamosi. Na hiyo pia haikupatikana bure, ilibidi Otai aende mwenyewe kuiombea.

"Mwanangu ameshaanza kuwa mkubwa," Nanjala alimwambia siku hiyo. "Huko stoo kuna wavulana. Mimi niko peke yangu, baba Otai, na soko hili lina masikio. Sitaki kusikia neno."

"Mama, mimi nakaa hapo na macho yangu. Hakuna neno itatoka kwa stoo yangu."

Nanjala alimtazama sana. "Haya. Siku nitakayosikia neno, harudi."

Basi ikafika Jumamosi moja, na Otai amekuja na mpango. Alikuwa ameufikiria njia nzima ndani ya basi na alikuwa anajivunia. Badala ya kuzungumza tu, wataicheza safari yenyewe. Mlangoni pawe dunia. Sanduku la vitabu, lililogeuzwa juu chini katikati ya stoo, liwe ndio mwezi. Na wa kwanza kupanda, kwa heshima ya kusoma kwake, awe Felistus.

Felistus siku hiyo alikuwa amekaa kwenye gunia la pembeni, magoti yamebanwa pamoja. Hakuwa ameuliza kitu tangu asubuhi.

"Felistus!" Otai aliita kwa sauti ya sherehe. "Wewe ndiyo iko mwezini leo!"

Msichana akainua uso, macho yamemtoka.

"Kuja. Simama, watu wote waone. Felistus iko mwezini!"

"Hapana, mwalimu."

"Hapana namna gani? Usiogope, ni kitu ya furaha. Sema na sauti kubwa: mimi niko mwezini."

Watoto wa upande wa Uganda walikuwa wanapiga makofi, wakingoja mchezo. Nyuma yao wasichana wawili watatu wa Kenya walikuwa wamefunika nyuso kwa mikono. Elphas alitoa sauti kama ya birika linaloanza kuchemka. Otai alidhani ni furaha. Akaenda mpaka kwenye gunia, akamshika Felistus mkono, akamvuta asimame kama mtu anavyomvuta bibi harusi mwenye haya.

Felistus alisimama nusu, akajirudisha chini kwa nguvu, akaanza kulia bila sauti. Kisha akalivuta gunia lile lile alilokalia, akajifunga nalo kiunoni, akakimbia nje.

"Mtoto hodari hivi anaogopa kwenda mwezini?" Otai alishangaa. "Basi Elphas, kuja wewe."

"Mimi?" Elphas alikuwa tayari ameanguka juu ya magunia. "Mimi siwezi, mwalimu! Mimi ni mwanaume!"

"Mwanaume, mwanamke, hakuna tofauti. Sisi wote hapa tunaweza kwenda mwezini. Hata mimi mzee."

Hapo stoo ikalipuka. Waliojua walicheka kwa kujua, wasiojua walinong'onezwa sikioni na wao wakacheka, na Akiteng, ambaye hakunong'onezwa na mtu, alicheka kwa sababu wenzake wanacheka. Otai akacheka pamoja nao. Alicheka mpaka akajifuta macho. Akalala usiku huo akijua kwamba mchezo wake ulipendwa sana, isipokuwa na msichana mmoja mwenye woga.

Jumamosi iliyofuata gunia la Felistus lilikuwa halina mtu. Otai alitoka kwenda kumwuliza Nanjala, na kabla hajafika sokoni alisikia wavulana walioning'inia kwenye kizuizi wakiimba, "Fe-li-sta Mwe-zi-ni! Fe-li-sta Mwe-zi-ni!" Elphas ndiye alikuwa anawaongoza, anapiga chuma kwa kijiti. Otai akaona ni wimbo mzuri tu. Akawapungia mkono.

Nanjala alikuwa anakunja leso. Hakuinua macho.

"Habari ya hapa, mama."

Nanjala akachukua leso nyingine.

"Mtoto iko mgonjwa?"

Karibu na Nanjala mama mmoja Mluo, Anyango, aliyekuwa akiuza samaki wakavu, aliacha kufukuza nzi ili asikie vizuri.

Otai hakuwa mtu wa kuongea chini chini. Malori hayamfundishi mtu kuongea chini chini. "Mama Felistus," akasema, na soko zima likasikia, "kama mimi nakosa, sema. Lakini kosa ni gani? Mimi namwambia mtoto yako iko mwezini. Hata leo nasema. Kuwa mwezini ni kitu mbaya? Mimi nataka watoto wote, wasichana wote ya hapa Busia, waende mwezini!"

Mwanamke mmoja mbele kidogo alidondosha mzani. Mwingine akajifunika uso kwa leso aliyokuwa anaijaribu. Kicheko kilianza kwa wauza nyanya, kikapita kwa wauza mihogo, kikarudi kikubwa zaidi. Nanjala peke yake hakucheka. Mikono yake ilisimama juu ya leso na haikuendelea.

"We mzee," Anyango akasema, "una bibi?"

"Iko. Iko Tororo."

"Amekuzalia?"

"Watoto sita."

"Na hiyo miaka yote, bibi yako hakuwa na zile siku zake? Zile siku mwanamke anakaa na vitambaa vyake, hataki maneno na mtu?"

Otai akamtazama.

"Hiyo ndiyo kuwa mwezini, baba. Kwa Kiswahili ya watu wa Mombasa, ukisema mwanamke yuko mwezini, umesema hiyo. Sasa wewe unasimama sokoni unasema unataka wasichana wetu wote waingie mara moja. Si utatumalizia vitambaa!"

Soko likacheka tena. Otai alikuwa amesimama na kofia yake mkononi, na hakukumbuka ni saa ngapi aliivua. Kila neno alilolisema stoo lilimrudia kichwani, moja baada ya jingine, na kila moja likiwa na maana yake mpya. Simama watu wote waone. Sema na sauti kubwa. Ni kitu ya furaha. Masikio yakamwaka, kisha shingo, kisha jasho likashuka mgongoni ingawa jua halikuwa kali.

"Njoo huku," Nanjala akasema kwa sauti ndogo.

Nyuma ya leso zilizotundikwa palikuwa na nafasi ya mtu mmoja na nusu. Nanjala alisimama akimpa ubavu, kwa sababu maneno hayo mwanamke hamwambii mwanamume asiye wake huku amemkabili uso.

"Neno peke yake ningelisamehe. Najua hukujua. Nyinyi watu wa huku Kiswahili chenu ni cha sokoni." Akameza mate. "Lakini siku ile, baba Otai, ndiyo ilikuwa siku yake. Ya kwanza. Ilimkuta hapo hapo stoo. Sikuwa nimemfundisha, nilidhani bado. Alikaa kwenye gunia tangu asubuhi anaogopa kusimama, hajui amepatwa na nini. Na wewe ukamwita mbele za watu, ukamshika mkono."

Otai akaikunja kofia yake mikononi.

"Alikuja nyumbani na gunia kiunoni. Unajua aliniuliza nini? Hakuniuliza kama atakufa. Aliniuliza, mama, mwalimu alionaje?"

Mahali pale palikuwa padogo, na Otai hakuwa na pa kuangalia. Aliangalia maua ya leso. "Mimi namwendea," akasema mwishowe. "Napiga magoti. Namwambia nisamehe."

"Utamwambia nini? Mwanamume gani anamwambia mtoto wa watu jambo hili? Hata baba yake mzazi hangelitaja. Ukilitaja utakuwa umemwita mara ya pili."

"Sasa mimi nafanya nini, mama?"

"Wamempa jina. Umelisikia kwenye kizuizi?"

Otai alilisikia. Alikuwa amewapungia mkono. Hilo hakumwambia.

"Akienda kuchota maji wanamwimbia. Hatoki tena nje. Kitabu chenu amekificha chini ya kitanda, sura moja imebaki na hataki hata kukigusa. Mimi nilisema nikisikia neno harudi. Sasa hata nikimruhusu, harudi. Nenda, baba Otai."

Akaenda. Toka sokoni mpaka stoo si mbali, lakini alipita njia ya nyuma, kwenye majani, kama mwizi. Alifikiria kupanda basi na asirudi tena Busia maisha yake. Hilo lingekuwa jepesi, alishawahi kuhama miji kwa aibu ndogo kuliko hii. Alifikiria kumchapa Elphas. Lakini alijua wavulana: ukimchapa mtu kwa jina, jina linashika zaidi. Jina haliondoki, labda lipate mtu mwingine wa kukaa naye.

Alipoingia stoo, watoto walikuwa wamerudi. Kikundi cha wavulana kilinyamaza ghafla, na kilinyamaza ile namna ya kukatiza kitu. Mlangoni wanawake wawili watatu wa sokoni walikuwa wamemfuata, wakijifanya wanatafuta kivuli. Otai akamwaga vitabu juu ya gunia, akaligeuza sanduku juu chini.

"Juzi mimi nauliza nani iko mwezini," akasema. "Leo nauliza tena. Nani iko mwezini?"

Elphas alikuwa anajiuma mdomo.

"Nyinyi nasema Felistus. Nani aliona Felistus juu ya hii sanduku? Weka mkono juu."

Hakuna mkono.

"Yeye alikataa. Alienda yake nyumbani. Basi jina si yake. Jina ni ya mtu anapanda." Na mzee yule, mwenye magoti yaliyochoka kwa mifuko ya saruji, akapanda. Sanduku likalia. Akanyoosha mikono. "Angalia mimi! Mimi Otai, mtoto ya Ebong, baba ya watoto sita, mimi ndiyo iko mwezini!"

Wanawake wa mlangoni wakapiga kelele, na watoto wakafuata. Otai akaanza kutembea juu ya sanduku kama watu wa kwenye kitabu, polepole, goti juu, mkono juu, kana kwamba hana uzito. Kofia ikaanguka. Kila kicheko kilimpata mahali pake. Alikuwa anajua sasa anachokisema, na alikisema tena, na tena, mwanamume mzima na mvi zake, akitangaza mbele ya watoto wa watu jambo ambalo mkewe hakuwahi kulitaja ndani ya nyumba yao.

"Mwalimu, shuka!" Elphas alikuwa analia kwa kucheka. "Shuka, mbavu zangu!"

"Sishuki. Mimi nakaa huku sasa. Wewe nataka jina ya kuimba? Imba hii."

Wakaimba. Kabla ya basi la jioni, Busia yote, huku na kule, ilikuwa na wimbo huo. Turnboi wa basi alipomwona analeta sanduku aliita, "Mzee Mwezini! Tumpishe, jamani, mtu wa watu hayuko vizuri leo!" Abiria wakagonga mabati ya basi. Otai akakaa dirishani akashika sanduku magotini.

Habari ikafika Tororo kabla yake, au karibu na hapo. Siku ya pili, Jumapili, kanisani, watu wawili walimwachia nafasi kubwa kwenye benchi huku wakibonyezana. Mable alingoja mpaka wamefika nyumbani.

"Ni kitu gani watu wanasema juu yako?" aliuliza kwa Kiteso.

Otai akamweleza. Kwa Kiteso ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu kwa Kiteso hakukuwa na mahali pa kujificha. Alieleza akitazama ukuta. Mable alisikiliza mpaka mwisho, akasimama, akatoa sufuria motoni.

"Umeniaibisha na mimi," akasema. "Wanawake wataniuliza nimekufundisha nini." Akapakua chakula. Akamwekea. Halafu akauliza, "Na mtoto?"

"Sijui."

"Basi kula. Jumamosi utakwenda."

Jumamosi alikwenda. Wavulana walikuwa kwenye kizuizi na walipomwona tu wakaanza, "O-tai Mwe-zi-ni!" na Elphas na chuma chake. Jina la Felistus halikuwamo. Otai akainua kofia, akajibu, "Niko, niko!" Mtu akimwangalia angesema mzee huyu amezoea. Hakuwa amezoea. Alipowapita tu aliivuta kofia mpaka machoni. Stooni gunia la pembeni halikuwa na mtu. Jumamosi ya pili yake vilevile. Wakazungumza kitabu cha sayari, kile cha picha, lakini mazungumzo yalikuwa hayaendi. Akiteng aliuliza kama kuna nyoka huko juu, Otai akasema hajui, yakaishia hapo. Hapakuwa na wa kusoma chini ya maneno.

Mara iliyofuata kulikuwa na manyunyu. Alishuka kwenye basi, wavulana wakaimba, yeye akajibu, "Niko, niko," na alipolitupa sanduku begani akamwona. Felistus alikuwa amesimama upande wa Kenya wa kizuizi, leso kichwani, ameshika kitabu kifuani. Alikuwa anaangalia wavulana wakimwimbia yule mzee. Aliangalia muda mrefu.

Otai hakumwita. Hakuthubutu hata kumsalimia kwa jina. Akageuza macho, akaanza kutembea, taratibu, kwenye matope. Nyuma yake alisikia Elphas akisema, "We Felista, sura ya mwisho kumbe uko nayo wewe? Tumekungoja sana," kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayedai kijiko. Na hakuna aliyeimba.

Stooni watoto walikaa. Otai alipanga vitabu akiwa amewapa mgongo, akavipanga, akavipanga tena. Alipogeuka, Felistus alikuwa ndani. Hakukaa kwenye gunia la pembeni. Alikuwa amevuta jingine karibu na mlango, akakaa uso wake ukielekea nje kwenye mvua, mgongo kwa mwalimu. Kitabu kilikuwa wazi magotini.

Hakumsalimia. Otai akaona ni haki yake.

"Haya," akasema kwa watoto. "Leo sura ya mwisho. Huyu dada na kaka yake wanafika. Roketi inakaribia. Inakaribia kabisa, sasa wao nashuka..."

Akasimama. Neno lilikuwa hapo mdomoni, lile lile, na hakuwa na jingine. Malori hayakumpa jingine, wala kambi. Wanashuka wapi? Watoto walikuwa wanamtazama. Elphas akatazama paa. Mvua ikaongeza kidogo juu ya mabati. Otai alihisi moto ukipanda tena shingoni mbele yao wote, na mbele ya ule mgongo mdogo ulionyooka pale mlangoni.

"Nashuka..." akasema tena.

"Sema huko juu, mwalimu," Felistus akasema. Hakugeuka.

"Huko juu," Otai akasema. "Ndiyo. Wao nashuka huko juu."

"Mtu anashukaje juu?" Akiteng akauliza.

"Kama ametoka juu zaidi," Elphas akasema.

"Juu zaidi wapi? Roketi si ilitoka chini?"

"Subirini, imeandikwa," Felistus akasema, na kidole chake kikaanza kutafuta mstari.

Otai hakuingilia. Akakaa kwenye gunia, akawaachia, kwa sababu uso ulikuwa bado unamwaka na sauti yake hakuiamini.